Njia ya Mswada Kutoka Kerenge

Mwaka 1975 mtu wa Kerenge, wilayani Korogwe, aliyetaka kitabu kisicho cha shule wala cha dini alikuwa na nyumba mbili za kubisha hodi: yangu, na ya mzee mmoja Msambaa aliyekaa karibu na barabara ya Magoma. Mimi nilikuwa na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na vitabu kadhaa vya Shaaban Robert, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla iliyokwisha kupoteza jalada, na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ambayo niliwaazima walimu wenzangu tu, maana ilikuwa haitakiwi kuonekana shuleni. Mzee alikuwa na kitabu kimoja, Habari za Wakilindi, na hakikutoka nje ya nyumba yake. Ukitaka kukisoma ulikwenda kwake, ukaketi barazani, ukamsomea kwa sauti, naye akakukatiza kila ulipofika mahali ambapo yeye alisikia vingine kwa babu yake.

Mambo mengi ya biashara ya vitabu niliyafahamu kwenye baraza ile kabla sijaandika hata ukurasa mmoja. Kitabu kile ni cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewatumikia Wakilindi, ukoo uliotawala Usambaa, na kuyaona magomvi yao kwa macho yake. Wamisionari wa UMCA walikipiga chapa pale Magila, karibu na Muheza, sehemu kwa sehemu, karne ya 19 ilipokuwa ikiisha na ya 20 ikianza. Kisha kikalala. Toleo alilokuwa nalo mzee lilitolewa na East African Literature Bureau ya Nairobi mwaka 1962. Kwa hiyo habari za milima tunayoiona tukifungua mlango zilikaa zaidi ya nusu karne zikimngoja mchapishaji, na alipopatikana zikarudi kwetu kwa kupitia nchi nyingine. Mzee hakuona ajabu yoyote. "Mwanangu," aliniambia, "wewe andika, lakini ujue kitabu ni cha mwenye mashine."

Mwaka ule ndio uliokuwa kikomo alichokiweka Mwalimu Nyerere mwaka 1971: 1975 ikiisha pasibaki mtu mzima asiyejua kusoma na kuandika. Asubuhi nilifundisha watoto, jioni nikafundisha wazazi wao. Darasa la jioni lilikuwa la wakata mkonge, wanawake waliotoka shambani na watoto mgongoni, na babu mmoja aliyekuwa akija na miwani ya mkewe. Vitabu vya kisomo vililetwa bure na kila kimoja kilikuwa na kazi yake: kilimo bora, chakula bora, afya, siasa. Agosti ukafanyika mtihani wa nchi nzima, wengi wakafaulu, tukapiga ngoma. Baada ya ngoma hakukuwa na kitu. Mama mmoja aliyefanya vizuri kuliko wanaume wote alinisimamisha njiani akaniambia kwamba mfuko wa mbolea ya kiwanda cha Tanga amekwisha kuusoma mbele na nyuma, mpaka anwani, na sasa nimpe kingine. Hakuwa akitania. Nilimpa Adili na Nduguze, akairudisha upesi akidai nyingine, na wenzake wakawa nyuma yake. Sanduku la bati halikuweza kulisha darasa zima.

Hapo ndipo nilipoanza kuandika kwa nia ya kuchapwa. Kabla yake nilikuwa nikituma mashairi kwenye gazeti la Ngurumo na la Uhuru kama walimu wote wa rika langu, na nilipoliona jina langu gazetini nililikata na kulibandika ukutani. Shairi la gazeti lilikuwa jambo jepesi: stempu moja, na ukikosa wiki hii utatoka wiki ijayo au hutatoka kabisa. Riwaya ni shughuli nyingine.

Niliandika habari za makambi ya mkonge. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai Pangani ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 likaja jeshi la watu wasio wa huku: Wabena, Waha, Wanyamwezi, Wamakonde, watu wa Burundi na wa Msumbiji. Baba yangu aliletwa kutoka Ubena na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944 kwa ajili ya kuandikisha vibarua, akaoa huku na kuzikwa huku. Sisi tuliitwa watoto wa manamba. Kambini nilisikia hadithi za kila pembe ya nchi, zikisimuliwa kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha Tanga wala cha redio, na watu waliokwisha kunywa boha. Katika vitabu vyote vya sanduku langu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kipande cha kazi ni nini. Mashamba mengi yalikuwa yametaifishwa tangu 1967, bei ya mkonge duniani ilikuwa inayumba kwa ajili ya kamba za nailoni, na wazee wa makambini walikuwa wanakufa. Niliona nisipoandika mimi, hataandika mtu.

Niliandika kwenye madaftari ya mazoezi, kwa taa ya chemli. Karani wa shamba moja alikuwa na taipureta. Akanipigia chapa usiku, kwa fedha kidogo na kuku, nakala ya juu na nakala ya kaboni. Nakala ya juu niliifunga kwa karatasi ya kaki na uzi wa katani, ikapelekwa posta ya Korogwe kwa rejesta. Karani wa posta aliusoma mzigo, akaona Nairobi, akaniuliza, "Mwalimu, una ndugu huko?"

Kwa nini Nairobi? Kwa sababu mwandishi wa Tanzania aliyekaa shamba aliiona Nairobi iko karibu kuliko Dar es Salaam. Literature Bureau ilikuwapo huko tangu 1948, ikiwa chombo cha nchi zote tatu, na ilikuwa na desturi ya kuwatafuta waandishi: Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano lao la hadithi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mzimu wa Watu wa Kale ukatoka 1960. Rosa Mistika ilitoka huko mwaka 1971. East African Publishing House nayo ilikuwa huko, pamoja na Oxford, Longman na Heinemann. Dar es Salaam tulikuwa na Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, na tangu 1972 iliongozwa na Walter Bgoya. Mwaka huohuo ilitoa kitabu cha Walter Rodney cha jinsi Ulaya ilivyodidimiza Afrika, kikasifiwa dunia nzima. Sifa hizo ndizo zilizotutisha. Mwalimu wa Daraja la Tatu A kutoka Kerenge aliona pale ni kwa maprofesa wa Mlimani.

Shirika nililolipelekea Nairobi silitaji jina, kwa kuwa waliokuwapo hawapo tena kujibu. Barua yao ilichukua miezi mingi, lakini ilipokuja ilikuwa ndefu, pamoja na maoni ya msomaji wao asiyetajwa. Mpaka leo naiona ni barua ya heshima. Mtu alikuwa ameusoma mswada wote, amepiga mstari mahali ambapo hata mimi nilijua pana udhaifu, na kusifu sura ambayo nami niliipenda. Alitaka mambo mawili. La kwanza, Kiswahili cha makambini kisafishwe: wahusika wangu walisema kama wasemavyo, ngeli zikigongana, Kibena na Kisambaa vikiingia bila kubisha hodi, na yeye aliona wanafunzi wakisoma vile wataharibika. La pili lilikuwa mwisho wa hadithi. Mhusika wangu mkuu alikufa akiwa bado mkata mkonge. Msomaji alishauri ahamie kijiji cha ujamaa.

Msimcheke msomaji huyo. Operesheni Vijiji ilikuwa imehamisha mamilioni ya watu, na riwaya nyingi za wakati ule zilimalizikia kijijini, jembe begani. Tena mchapishaji alikuwa na hesabu yake: kitabu kitakachokubaliwa na Wizara kuwa cha ziada mashuleni kitauzwa maelfu, kitakachokataliwa kitauzwa mamia. Msomaji alikuwa anajaribu kunisaidia niingie shuleni.

Nilikubali nusu. Msimulizi nilimpa Kiswahili sanifu kilichonyooka, wahusika nikawaacha na midomo yao. Na mhusika mkuu nilimpeleka kijiji cha ujamaa, akakaa kurasa nne, akagombana na mwenyekiti juu ya trekta, akarudi kambini kufa. Nikapeleka tena. Wakaandika kwamba wameridhika na mkataba utafuata.

Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na ile Bureau ya nchi tatu ikavunjika nayo. Tumezoea kusikia habari za Jumuiya kwa upande wa ndege, reli na posta, vitu vilivyogawanywa kwa magombano ya miaka. Habari za miswada hazisemwi. Waandishi wa Tanzania tuliokuwa na karatasi zetu kwenye makabati ya Nairobi tulikuwa wengi, kila mmoja peke yake mahali pake, hakuna aliyejua cha mwenzake. Barua zangu hazikujibiwa. Nilibaki na nakala ya kaboni, ambayo herufi zake zilikuwa zinafifia, na masahihisho yote mapya yalikuwa kwenye ile ya juu. Mpaka ulifunguliwa mwishoni mwa 1983. Mswada ule sikuuona tena.

Kipindi hicho nilikuwa nikimfikiria sana Shaaban Robert, mtu wa mkoa wetu, wa Machui pale nje ya Tanga. Sisi walimu tulimfundisha darasani kama mtu aliyefanikiwa. Lakini tazameni njia yake. Pambo la Lugha lilichapwa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Kusadikika ilichapwa na Nelson wa Uingereza mwaka 1951. Alifariki Juni 1962 na miswada mingine bado ni miswada: Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka miaka ya mwisho ya 1960, yeye yuko kaburini. Basi ikiwa mshairi mkuu wa Kiswahili alingojeshwa hivyo, nani alikuwa mimi wa kununa? Hayo yalinituliza kwa muda. Baadaye yaliniudhi, maana wazo kwamba hata mkubwa aliteseka ndilo linalowafanya wadogo wasidai chochote.

Nilipiga chapa upya, nikapanda treni Korogwe kwenda Dar es Salaam. Reli ya kutoka Mnyuzi hadi Ruvu, iliyotuunganisha na reli ya kati mwaka 1963, ndiyo iliyonifikisha kwa mhariri wa kwanza niliyepata kumwona kwa macho. Alikuwa kijana kuliko mimi, amezungukwa na mafungu ya karatasi mpaka dirishani.

"Shikamoo, mwalimu. Umetoka mbali. Huu umeandikwa kwa mkono au kwa mashine?"

"Marahaba. Kwa mashine."

"Basi wewe umetupunguzia nusu ya kazi."

Aliusoma, akaukubali. Shirika lake nalo silitaji. Lilikuwa la umma, na lilikubali miswada mingi kuliko lilivyoweza kuchapa, si kwa ubaya, ila kwa sababu wakati ule kukubali kulikuwa hakugharimu kitu na kuchapa kulitaka fedha za kigeni. Vita vya Kagera vilianza mwishoni mwa 1978. Baada ya vita, nchi ikawa haina sukari, haina sabuni, haina vipuri. Karatasi, wino na filamu za kutengenezea sahani za uchapaji vyote viliagizwa nje. Karatasi kidogo iliyopatikana ilikwenda kwanza kwenye vitabu vya kiada, kwa kuwa elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imejaza madarasa tangu 1977, na kweli ilistahili kwenda huko. Mimi mwenyewe nilikuwa na darasa ambalo wanafunzi wanne walisoma kitabu kimoja, anayekaa pembeni akisoma kwa kupindisha shingo. Ningesimamaje mbele ya watoto wale nidai karatasi ya riwaya?

Mkataba nilitia saini mwaka 1981. Kurasa tatu. Mrabaha asilimia kumi ya bei ya kitabu, hesabu ifanywe mara moja kwa mwaka, nakala sita bure kwa mwandishi. Hapakuwa na neno juu ya lini kitabu kitoke, wala juu ya nini kifanyike kisipotoka, wala juu ya nani abaki na haki kikiisha sokoni. Wakati ule hakuna mwandishi niliyemjua aliyeuliza mambo hayo. Tulifurahi mno kuitwa waandishi.

Katika kungoja huko nilipanda siku moja mpaka Vuga, kwa Walutheri, ambako tangu enzi za misheni ya Bethel pamekuwa na mitambo ya uchapaji. Nilitaka kujua mtu binafsi akitaka kuchapa kitabu chake mwenyewe atahitaji nini. Niliambiwa vizuri kabisa, kwa tarakimu. Mshahara wangu wa miaka haukutosha. Lakini safari ile ilinifumbua macho kwa jambo moja: mchapaji na mchapishaji ni watu wawili. Mchapaji ana mashine na anakutaka fedha. Mchapishaji anatakiwa awe na fedha, mhariri, ghala, na watu wa kukipeleka kitabu kwa msomaji. Miaka yote tulikuwa tukililia mashine, kumbe kilichokosekana ni hicho cha mwisho.

Kitabu changu kilitoka mwaka 1987. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kule Mufindi kilikuwa kimeanza kazi, karatasi yake ya rangi ya maziwa yaliyoungua ikaingia kwenye vitabu vingi vya wakati ule, na changu kimojawapo. Jalada lilikuwa na picha ya mnanasi. Mchoraji hakuwahi kuuona mkonge. Nilikishika, nikakinusa, sikujali. Mama wa mfuko wa mbolea alikuwa amekwisha hamia kwa mwanawe Handeni, nikamtumia nakala moja kwa basi.

Nakala zile sita ndizo zilizofika Kerenge. Nasema hivi bila chumvi: kitabu juu ya Korogwe, kilichoandikwa Korogwe, hakikuuzwa Korogwe. Usambazaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa shirika la umma la Elimu Supplies, na mfumo ule ulijengwa kwa ajili ya orodha ya Wizara. Riwaya isiyo kwenye orodha haikuwa na gari la kuipakia. Iliwekwa ghalani Dar es Salaam, ikangoja mwenye duka atakayekwenda mwenyewe kuichukua kwa fedha taslimu. Korogwe pale duka la vitabu lilikuwa la madaftari, kalamu na Biblia. Mrabaha wa kwanza ulikuja kwa hundi. Shilingi ilikuwa imeshushwa thamani mwaka 1986 na ilikuwa inaendelea kushuka. Bei ya kitabu ilipangwa kwa shilingi ya jana, hundi ikaja kwa shilingi ya leo. Nauli ya kwenda benki na kurudi, na chai ya njiani, vilichukua sehemu kubwa. Mke wangu aliipokea iliyobaki, akanunua chumvi na mafuta ya taa, akaniambia, "Baba nanihii, wewe endelea kulima."

Nilichukua nauli nikaenda Dar, nikanunua boksi zima la kitabu changu kwa punguzo la mwandishi, nikarudi nalo kwenye basi, nikalipeleka kwenye magulio. Nilitandika mkeka kati ya muuza vitunguu na muuza mitumba. Watu walidhani ninauza vitabu vya dini. Nilipoanza kusoma kwa sauti ile sura ya ugomvi wa mwenyekiti, wakakusanyika. Boksi liliisha kabla ya msimu wa mahindi, na wanunuzi wakubwa walikuwa wakata mkonge wenyewe na watoto wao, watu ambao kila mkutano wa vitabu niliouhudhuria baadaye walisemwa kuwa hawasomi.

Hapa lazima niseme habari za stendi ya Korogwe. Mabasi ya Arusha, Moshi, Tanga na Dar es Salaam yote yanasimama pale, na vijana wanaokimbilia madirishani na machungwa na mayai walikuwa pia na riwaya. Za nani? Za Elvis Musiba, ambaye Kufa na Kupona ilianza kwa Literature Bureau mwaka 1974 kisha akachukua mambo yake mikononi mwake. Za Hammie Rajab. Na baadaye za Ben Mtobwa, aliyeunda Heko, kampuni yake mwenyewe, na kutoa Dar es Salaam Usiku mwaka 1990. Wasomi waliziita riwaya pendwa, kwa sauti ambayo ungedhani kupendwa ni ugonjwa. Mimi nilifundishwa kuzidharau nikiwa chuoni. Kwenye stendi nilijifunza kuzihesabu. Abiria wa kwenda Moshi alimnunua Willy Gamba, yule shujaa wa Musiba, kama alivyonunua chungwa, akamsoma mpaka Same, akamwachia jirani yake wa kiti. Waandishi hao hawakuingoja Wizara. Walijua msomaji yuko wapi saa sita mchana, wakampelekea kitabu hapohapo, kwa bei ya fedha iliyomo mfukoni. Kwa upande wa kuuza, hakuna mchapishaji wa umma aliyewafikia, na nasema hivi nikiwa napenda vitabu vya mashirika ya umma kuliko vyao. Adam Shafi alitoa Kuli kwa Tanzania Publishing House mwaka 1979, kitabu cha vibarua wa bandari ambacho kilinipa moyo kuliko kitabu chochote, na sikuwahi kukiona stendi hata siku moja. Kilikuwa shuleni. Aliyekwisha kuacha shule alikikosa.

Miaka ya 1990 ilileta mambo mapya, nitayapita haraka. Serikali ililegeza mikono, kampuni binafsi zikaanza kuchapisha vitabu vya shule, Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Mwaka huohuo ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa msaada wa shirika la CODE la Canada. Utaratibu wake ulikuwa wa akili: mchapishaji anachapa nakala 5,000, mradi unanunua 3,000 hapohapo na kuzigawa mashuleni na maktabani, zilizobaki anauza mwenyewe. Nami niliandika kitabu kidogo cha watoto kikapita. Mrabaha ulikuja wote kwa mkupuo, nikaezeka bati. Shuleni kwetu kilifika, watoto wakakisoma mpaka kikawa vipande. Lakini zile 2,000 za kuuza? Wachapishaji wengi walizihesabu kuwa ziada. Faida ilikuwa imekwisha kupatikana kwenye 3,000, kwa hiyo hapakuwa na haraka ya kumtafuta mnunuzi wa mkekani. Mnunuzi alikuwa bado ni mmoja, amebadilisha jina tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa vitabu vya shule pia. Kampuni zilichipuka kwa wingi na zikaishi kwa idhini ya kamati ya Wizara, ile EMAC. Mwaka 2013 Bunge likachachamaa juu ya makosa vitabuni, kamati ikavunjwa, na mwaka 2014 kazi ya vitabu vya kiada ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Wachapishaji waliokuwa wamejenga nyumba nzima juu ya nguzo ile moja wakabaki uani. Niliwahurumia, lakini sikushangaa.

Shirika lililotoa riwaya yangu lilidhoofika pamoja na mashirika mengi ya umma. Nilipotaka kuichapa tena nilizunguka ofisi nikiuliza haki ni ya nani. Mkataba ule wa kurasa tatu haukusema. Mmoja alinijibu haki ni yangu, wa pili akanijibu ni ya mfilisi, wa tatu akaniuliza kitabu chenyewe kiko wapi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha hakimiliki kilichoanza kazi mwaka 2001, vilinikuta nimestaafu. Vimesaidia, angalau sasa pana mlango wa kugonga.

Vijana wa hapa Kerenge wananijia. Mmoja anauza hadithi zake kwa simu, sura moja moja, msomaji analipa kwanza kwa M-Pesa ndipo anatumiwa sura inayofuata. Ananiuliza kama huo nao ni uandishi. Namwambia ana wasomaji wanaolipa, jambo ambalo mimi nililipata kwa mkeka tu. Wengine wanaandalia miswada Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, ambayo mshindi wa kwanza anapata shilingi milioni 10 na kitabu chake kuchapwa na kupelekwa mashuleni. Naisifu tuzo hiyo na nawahimiza washindane. Nawaambia pia kwamba shule ikikinunua kitabu chako umeuza kwa mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuamka kesho na shauri lingine.

Ukipewa mkataba, kijana wangu, usitie saini siku hiyohiyo. Uliza kitabu kitatoka lini, na kisipotoka katika muda huo mswada urudi kwako. Uliza kikiisha sokoni haki zinarudi lini. Dai taarifa ya mauzo kila mwaka, hata ikiwa ni sifuri, iandikwe sifuri. Kaa na nakala yako mahali pasipovuja.

Na wewe mchapishaji wa Dar es Salaam, magulio ya Korogwe vijijini yapo kila wiki, barabara inapitika, na watu wamefunzwa kusoma tangu 1975. Leta boksi moja. Bei iwe ya mtu aliyetoka kuuza debe la mahindi. Mkeka upo, nitakuazima.